Gari la Wagonjwa Lilikuwa Wapi

9 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Nakuuliza hali kwa mpangilio unaoupenda mwenyewe: kwanza mwili, kisha usingizi, kisha kazi, na majirani mwisho kabisa. Sisi huku wazima. Baba goti linamsumbua, ila mdomo hauna maradhi. Juzi alimshonea jirani suruali, jirani akalalamika kwamba mguu mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Baba akamjibu, "Suruali iko sawa, kapime miguu yako." Hawasemeshani tena. Redio zao tu ndizo zinazojibizana ukutani kutwa nzima. Mume wangu amerudi kutoka safari, na watoto wanakua mpaka viatu vinatukimbia.

Sasa jambo lenyewe. Unajua tangu niajiriwe hapa Bungeni kama mchunguzi wa Kamati ya Maadili, kazi zangu zimekuwa za mbunge aliyemtukana mlinzi langoni, au mbunge aliyekoroma kikaoni mpaka Spika akasimamisha hotuba. Jana Mwenyekiti wa Kamati aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanisogezea jalada juu ya meza.

"Hili ni lako," akasema. "Nimekuchagua mwenyewe."

Shangazi, ni la mkubwa. Mkubwa hasa, yule ambaye akikohoa, wenzake wanatafuta maji. Usiniulize ni nani. Kuna jambo moja la kifamilia lilinitia wasiwasi, nikamtajia Mwenyekiti palepale. Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Binti, mtu gani hana ndugu? Tukianza hivyo nani atafanya kazi?" Nikamwomba tuliweke hilo kwa maandishi. Akasema mambo mengine yanatosha kwa mdomo.

Nina furaha na nina hofu, sijui ipi imetangulia. Niombee.

Mtoto wako,
Mdadisi


2 Machi

Mdadisi wangu,

Barua yako niliipata mapema, uvivu ni wangu. Simu hii ya kituo cha afya sipendi kuongelea mambo ya nyumbani, maana kila anayepita anasimama kusikiliza kama yuko kwenye mkutano.

Mwili haujambo. Usingizi nauruka, swali linalofuata. Kazi ipo: wiki iliyopita tumepata mapacha, wa kwanza akatoka analia, wa pili akatoka amelala kama mtu aliyesumbuliwa bure. Paa la wodi ya wazazi linavuja pale pale, tunahamisha kitanda kila mvua ikibadili upande. Mkuu wa kituo amenunua kiti kipya cha kuzunguka, anazunguka nacho. Dereva wetu siku hizi hasemi na mtu. Zamani ungemsikia anaimba kabla hujaliona gari.

Mwambie kaka yangu aache ugomvi wa suruali. Miguu ya yule jirani kweli haiko sawa, lakini mtu haambiwi.

Nimefurahi kwamba wamekuamini. Hebu nieleze kitu, kwa vile ndiyo kazi yako. Mtu akileta malalamiko huko kwenu kuhusu mbunge, jina lake linaonwa na nani? Huyo mbunge anaweza kujua? Nauliza tu. Kuna mtu hapa aliniuliza nikakosa jibu.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Salamu zimefika na Baba ameinuna barua yako. Anasema dada yake amekuwa wakili wa jirani.

Swali lako limenifurahisha, maana hapo ndipo ninapojivunia ofisi yetu. Mwambie huyo mtu asiogope. Malalamiko yakifika, Msajili anayapa namba. Unamkumbuka Msajili, yule mama niliyekusimulia, anayevaa sweta hata jua likiwa kali na kumsahihisha kila mtu herufi? Anaandika muhtasari uliofutwa mahali na majina yote isipokuwa la mbunge, na jina la aliyelalamika analiweka kwenye bahasha yenye lakiri. Hata mimi mchunguzi silioni mpaka hatua ya kwanza iishe na ithibitike kwamba kuna jambo la kuchunguza. Mbunge ndiye wa mwisho kabisa kujua, na akijua, mlalamikaji anakuwa tayari ana ulinzi.

Muhtasari wa jalada langu nimeusoma mezani kwangu, chini ya ile feni inayokwaruza. Siwezi kukwambia umeandikwa nini. Nitasema tu kwamba niliusoma, nikaufunika, nikaenda chooni, nikafungua bomba ili wenzangu wasinisikie. Sikujua kwamba mtu mzima, mwenye watoto, anaweza kutenda jambo la namna ile halafu aje kazini anacheka.

Usingizi umekupata nini? Usiniruke.

Mdadisi


28 Aprili

Shangazi,

Wiki zimepita na hujajibu, na sasa najua kwa nini. Sina salamu leo, nisamehe.

Juzi mchana nilikuwa nashuka ngazi kwenda kupata chai. Nguzo alikuwa anapanda na wapambe wake. Ndiyo, ni yeye, mbunge wenu, sina sababu ya kuficha tena. Mnamwita Nguzo huko, na huku wanamwita hivyo hivyo, kwa sababu hakuna mbunge anayepata barabara au kisima kwao bila yeye kutikisa kichwa. Akasimama ngazi moja chini yangu, macho yetu yakawa sawa.

"Binti, kazi inaendelea?"

"Inaendelea, Mheshimiwa."

"Vizuri. Na shangazi yako, yule mkunga, hajambo?" Akatabasamu kama jirani mwema. "Mwambie salamu zake zimenifika."

Akapita. Wapambe wake wakapita. Mimi nikabaki nimeshika chuma cha ngazi. Salamu gani? Sikuelewa, au nilielewa nikakataa kuelewa.

Jana asubuhi hatua ya pili ilifunguliwa. Msajili aliileta bahasha, akanionyesha lakiri, nzima, haijaguswa. Akaikata mbele yangu. Nikasoma jina.

Ni lako.

Msajili akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Mama, huyu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu. Na Nguzo alijua kabla yangu." Akavua miwani, akaketi. Hajawahi kuketi ofisini kwangu. Akasema polepole, "Siku malalamiko yalipofika, kabla sijatia lakiri, Mwenyekiti aliomba ayaone. Dakika moja tu, alisema. Nilimpa. Ni Mwenyekiti, nitamkatalia vipi?"

Lile jambo la kifamilia nililomtajia Mwenyekiti lilikuwa hili: kwamba nina shangazi mkunga katika jimbo la mtu huyu. Alicheka kwa sababu alikuwa analijua. Alinichagua kwa sababu hiyo hiyo! Wachunguzi tupo kadhaa, na wengine wana uzoefu kunishinda. Walitaka nimalize kazi, niandike kwamba Nguzo ana hatia, halafu wasimame mbele ya waandishi wa habari waseme: aliyechunguza ni mtoto wa aliyelalamika. Kila kitu kitupwe, na jina lako likiwa juu. Na kibaya zaidi, Shangazi, wangekuwa wamesema kweli.

Kwa nini hukuniambia?

Nakala ya barua hii nampa Msajili leo. Na wewe usinieleze chochote kuhusu tukio.

Mdadisi


6 Mei

Mdadisi,

Unaniambia nisikueleze. Nimeshika kalamu na nitakueleza, na hiyo nakala mpe Msajili, mpe na Spika, mpe na mpishi wa kantini.

Sikukwambia kwa sababu wewe ni mtoto wangu na ile ni kazi yako. Nilituma malalamiko mwishoni mwa Januari. Ulipoandika kwamba umepewa jalada la mkubwa, nilitamani liwe langu, nikaogopa liwe langu. Nilipouliza kuhusu majina nilitaka uniambie niko salama, na ukaniambia. Nikatulia. Baada ya hapo watu wawili wakaja kituoni na gari la vioo vyeusi wakauliza, "Mkunga anayependa kuandika ni yupi?" Ndipo kalamu ikanishinda.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali. Yule binti alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, wale wa kuimba herufi. Mama yake anauza mboga sokoni, alikuja naye, ameshika kikapu cha nguo za mtoto. Mtoto alitoka salama, wa kike, sauti kama king'ora. Kisha damu. Nilifanya yote ninayoyajua, nikafanya na nisiyoyajua. Damu haikusimama. Alihitaji hospitali kubwa, na hospitali kubwa si mbali kwa gari.

Gari la wagonjwa halikuwepo. Nikampigia dereva. Nyuma yake nasikia muziki. Akasema, "Mkunga, niko kwa Mheshimiwa, nabeba viti na soda za wageni. Ameniambia nisiondoke." Nikamwambia nani anakufa. Akasema, "Ongea naye mwenyewe," akampa simu.

Nikaongea naye, Mdadisi. Kwa mdomo wangu. Nikamwambia kuna mzazi anatokwa na damu. Akasema, "Mkunga, wanawake wanazaa tangu dunia iumbwe. Nina wageni." Simu ikakatika.

Tulimpakia kwenye pikapu ya mboga, mimi nimemlaza mapajani. Alikuwa anauliza mtoto anafanana na nani. Hatukufika.

Jumatatu Mkuu wa kituo akaleta karatasi: gari lilikuwa bovu, gereji. Akanitaka nisaini. Nilimtazama, nikadhani anatania. Nikakataa. Akasaini yeye. Na mama wa yule binti akaambiwa hivyo hivyo, gari bovu, na kwamba hata lingekuwepo, binti yake asingefika. Alikuja kunishukuru. Kunishukuru mimi!

Sasa unaniambia wamekutega. Sawa, wamekutega. Lakini usiniache. Huko hakuna mwingine ninayemwamini. Unajua mimi sisemi uongo. Maliza kazi.

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi mpenzi,

Baba anakusalimu. Barua yako hakuisoma, nimemwambia ni mambo ya kazi. Aliona uso wangu akaacha hata ule utani wake.

Nilisoma yako mara nyingi, nikampa Msajili nakala, na barua zetu zote za nyuma pia. Alipofika pale penye simu akaitua mezani na kwenda kusimama dirishani, akiipa karatasi mgongo.

Nitakueleza nilichofanya, na najua utakasirika.

Jumanne Kamati ilikuwa na kikao cha wazi, waandishi wa habari wamekaa nyuma na kamera zao. Mwenyekiti alitarajia nisome maendeleo ya kazi kwa mistari michache. Nilisimama, nikasema: "Waheshimiwa, mlalamikaji katika shauri hili ni shangazi yangu. Nimelijua hilo bahasha ilipofunguliwa. Mtuhumiwa alilijua kabla yangu. Siwezi kuendelea, najitoa. Na naomba Kamati ieleze jina lililotiwa lakiri lilimfikiaje mtu anayechunguzwa."

Kamera zote zikamgeukia Mwenyekiti. Wakili wa Nguzo alikuwa ameketi mstari wa mbele, na mkononi alikuwa na pingamizi lililochapwa tayari, la kukataa uchunguzi wangu kwa sababu ya undugu. Tarehe aliyoiandika juu yake ilikuwa ya mwezi ujao. Alilikunja haraka, ila mwandishi mmoja alikuwa keshapiga picha.

"Nani kakutuma?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Ulinituma wewe, Mheshimiwa, uliponipa jalada."

Wakacheka nyuma. Mimi sikuwa na kicheko.

Ndipo yule mbunge mzee, mwalimu mstaafu ambaye huwa haongei mpaka watu wanadhani kiti chake kitupu, akainua mkono. Akasema kwamba wajumbe wote wa Kamati, na yeye akiwemo, wamewahi kupata kitu kutoka mkono wa Nguzo. Barabara, kisima, safari. "Sisi hatuwezi kumchunguza," akasema. "Tutamuonea au tutamficha. Tafuteni watu wa nje." Mwenyekiti akajaribu kuahirisha, lakini kamera zilikuwa zinamtazama. Wamekubali jopo la watu wa nje: jaji mstaafu, daktari bingwa wa wazazi, na mkaguzi asiye na chama. Msajili mwenyewe ameandika taarifa kwamba Mwenyekiti aliliona jina, akatia saini yake chini. Anajua itamgharimu.

Mimi nimehamishiwa maktaba. Napanga hotuba za zamani kwa mwaka.

Shangazi, sikukuacha. Ningebaki, wangelishinda shauri kwa kunionyesha mimi kidole. Na kuna jambo lingine, gumu zaidi kulisema. Nakuamini kwa sababu nakupenda. Hiyo si sababu inayotosha kumhukumu mtu, hata yule.

Tangu leo mpaka jopo limalize, nikikuandikia nitaandika habari za goti tu.

Mdadisi


10 Juni

Mdadisi,

Goti la kaka yangu linaendeleaje?

Paa bado linavuja. Mapacha wameongezeka uzito. Mambo mengine yametokea hapa ambayo, kwa amri yako, siyasemi.

Shangazi


4 Julai

Shangazi,

Goti linaendelea vizuri. Jirani alileta suruali irekebishwe, Baba akaipunguza mguu mmoja bila kusema neno, jirani akalipa bila kusema neno. Nadhani hiyo ni amani.

Nimesikia kwamba mashahidi wataitwa huku mwezi huu. Sisemi zaidi. Ila kama kuna mtu wangu atafika mjini, ajue kwamba sitampokea stendi, hatalala kwangu, na tukikutana njiani nitapita kama simjui, mpaka amalize. Wanatufuatilia. Nimeona gari la vioo vyeusi nje ya shule ya watoto. Wanataka picha moja tu ya sisi wawili pamoja.

Nimemkataza na Baba. Unajua hawezi kuficha kitu. Ameninunia.

Nisamehe, Shangazi. Sijawahi kuandika barua iliyoniuma hivi.

Mdadisi


22 Julai

Mdadisi wangu,

Naandika nikiwa katika mji mmoja na wewe. Nyumba ya wageni, chumba kina dirisha linalotazama ukuta, na mhudumu anayeniita "bibi" ilhali ananikaribia umri. Barua hii itaondoka kesho, nikishapanda gari la kurudi.

Nilikuona. Ulikuwa unavuka barabara mbele ya Bunge na mafaili kifuani, umekonda, na nywele umezikata. Nilitaka kupiga kelele. Ulinitazama, ukageuza uso kana kwamba mimi ni nguzo ya taa. Nilijua utafanya hivyo, uliniandikia, na bado nikashika ukuta. Nilikulea mwenyewe mama yako alipofariki. Nikajiuliza, hivi haki gani hii inayomfanya mtoto asimsalimie mama?

Jioni ile kaka yangu akaja. Ndiyo, alikuja, usimgombeze. Hakuingia. Alisimama upande wa pili wa barabara, akampa mhudumu mfuko, akanipungia mkono, akaondoka anachechemea. Ndani kulikuwa na gauni la bluu, ameshona mwenyewe bila kunipima. Limenikaa sawasawa.

Nililivaa mbele ya jopo. Sasa nimemaliza na naruhusiwa kusema.

Nilidhani watanisikiliza kwa huruma. Mdadisi, walinibana! Yule daktari aliniuliza dawa ipi niliitoa kwanza, kiasi gani, kwa nini sikupiga simu mapema. Jaji akaniuliza kama nilikuwa na ugomvi na Mheshimiwa, kama nimewahi kumwomba kitu akaninyima, kama mpwa wangu ndiye aliyeniandikia malalamiko. Alisoma barua zetu zote mezani pale, hata ile ya miguu ya jirani. Niliulizwa kama mwizi. Nilirudi kukaa kiti cha nyuma na hasira zangu, nikasema moyoni, hawa nao ni wa Nguzo.

Kisha wakamwita dereva. Kijana wa watu alisema yote. Alisema hata wimbo uliokuwa unapigwa.

Kisha wakamwita Nguzo. Alianza kwa tabasamu, "Mheshimiwa Jaji, tunajuana..." Jaji akamkata: "Jibu swali." Wakamuuliza kama walivyoniuliza mimi. Sauti ile ile, macho yale yale. Gari lilikuwa wapi? Nani aliliita? Ulipoambiwa mtu anatokwa na damu ulijibu nini? Akasema hakumbuki kupigiwa simu. Wakamwekea rekodi ya kampuni ya simu. Akageuka kumtafuta mtu wa kumsaidia, wa kwanza, wa pili, kila aliyemtazama akainamia karatasi zake. Sijawahi kumwona mtu mkubwa akiwa peke yake namna ile.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Wangenihurumia mimi, naye angesema alionewa, na watu wangemwamini. Kumbe kule kunibana ndiko kulikomnyima pa kujificha.

Bado naumia ulivyogeuza uso. Lakini nimekuelewa.

Shangazi yako


18 Septemba

Shangazi,

Salamu kutoka kwa wote, na leo watoto wameniagiza nikwambie kwamba gauni la bluu ulivae ukija Desemba. Sasa unaweza kuja. Sasa ninaweza kukupokea na kukulilia stendi mbele ya watu wote.

Ripoti ilisomwa Bungeni jana na kurushwa redioni, labda umesikia. Nilikuwa maktaba na mlango wazi. Jopo limesema gari lilikuwa zima, kwamba Nguzo alilizuia akijua kuna mgonjwa, kwamba karatasi ya gereji ni ya uongo. Limesema pia, kwa maneno ya yule daktari, kwamba mgonjwa huyo angefikishwa kwa wakati, angeishi.

Ikaja kura ya kumvua nyadhifa zake zote na kupeleka shauri kwa mwendesha mashtaka. Tulijua itaanguka. Wale ni watu wake, wamekula mezani kwake. Shangazi, walisimama mmoja mmoja. Hata wapambe wake wa kwenye ngazi. Sijui kama ni dhamiri au ni kamera, na sitajifanya najua. Nguzo alitazama safu zikisimama, uso wa mtu aliyeamka akakuta nyumba haina paa. Alitoka kwa mlango wa pembeni. Mwenyekiti wa Maadili amejiuzulu asubuhi hii, anasema ni afya.

Msajili amestaafishwa mapema. Alivua sweta, akalikunja, akaniachia kitini kwangu. Mimi nabaki maktaba, hakuna aliyesema nirudi.

Nilitarajia furaha. Nimekaa tu nimeduwaa.

Mdadisi


7 Oktoba

Mdadisi wangu,

Mwili haujambo. Usingizi ulikuwa umerudi, umeondoka tena, na safari hii sikuruki.

Jana mama wa yule binti alikuja kumpima mjukuu uzito. Mtoto amenona, ana meno mawili, anamwonyesha kila mtu. Nilikuwa najiandaa kumwambia habari za ripoti, nimepanga na maneno. Nilidhani atanikumbatia. Kumbe alikwisha kuisikia redioni pale sokoni.

Akakaa kwenye benchi. Akasema, "Mkunga, nieleze wewe, wale wa redioni wanaongea haraka. Gari lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima, mama."

"Na hospitali kubwa, wangemuweza?"

Nilitafuta mahali pa kuweka macho. "Wangemuweza."

Kisha akasema, si kwa hasira, "Miezi yote hii nimekuwa nikilala kwa sababu mliniambia haikuwezekana."

Akanipa mtoto mapajani, akatoka nje, akalia. Siku ya mazishi hakulia hivyo. Wanawake wote wa foleni walisimama. Mimi nilikaa na yule mtoto anavuta kola ya sare yangu, nikawaza kwamba mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyetaka ijulikane, na sasa imejulikana, na huyu mama amefiwa mara ya pili. Ningeandika tena, Mdadisi. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba itakuwa hivi.

Aliporudi alikuwa amefuta uso kwa upande wa khanga. Hakumchukua mtoto. Akaniuliza jambo moja tu.

"Yule aliyesaini kwamba gari ni bovu, bado anafanya kazi hapa?"

Kesi ya Mkuu wa kituo haijaanza. Bado yupo, na kiti chake kinazunguka. Nikamwonyesha mlango wa ofisi yake.

Alijifunga khanga vizuri, akaenda, akabisha hodi.

Shangazi yako